Pango la Ame na Zidi

Mwaka huu masika yalipokuwa yakikaribia kwisha, vijana kadhaa wa hapa kwetu Likombe walitujia jioni wakataka tuwachagulie mchezo wa kuigiza, wapate kuuonyesha baada ya mavuno ya korosho, wakati watu wana nafasi. Tulifikiri siku tatu, kisha tukawapa kitabu kiitwacho Amezidi, kilichotungwa na Said Ahmed Mohamed na kupigwa chapa Nairobi mwaka 1995. Tukakisoma pamoja nao jioni nne, kila mmoja akishika maneno ya mtu wake kwa zamu. Siku ya tano wazee wawili wakabisha hodi nyumbani kwetu. Walikaa, wakapewa maji, wakauliza hali ya watoto na ya shamba, na baada ya hayo yote mmoja wao akasema, "Mwalimu, tumesikia wawafundisha vijana wetu mchezo wa watu wanaokaa pangoni na kula vya jaani. Je, mambo mema ya kuigiza yamekwisha duniani?"

Hatukuweza kuwajibu kwa maneno machache, wala si adabu kumpa mzee jibu jepesi. Tuliomba ruhusa tufikiri, tukaahidi kwamba tutajibu kwa maandishi katika kurasa hizi, ili wao na wengine wenye shaka kama yao wapime wenyewe. Ahadi hiyo ndiyo tunayoitimiza leo.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe ulivyo, maana wengi wanauhukumu kwa habari za kusikia. Mtungaji ni mzaliwa wa Zanzibar, wa mwaka 1947, naye ni katika waandishi wakubwa wa Kiswahili wa zama zetu. Riwaya zake, kama vile Asali Chungu na Utengano, zimesomwa na wanafunzi wengi. Katika Amezidi ametuwekea mbele ya macho watu wawili, mmoja jina lake Ame na wa pili jina lake Zidi. Makao yao ni pango. Chakula chao ni mabaki yaliyotupwa jaani. Kazi ya kuwapatia riziki hawana. Walakini vinywa vyao vimejaa makuu, na katika mazungumzo na ndoto zao huwa ni watu wa mali na wa cheo. Ukiyaunganisha majina yao wapata neno moja, nalo ni kama hukumu iliyotolewa barazani: amezidi. Nani amezidi, na amezidi katika jambo gani? Mtungaji hasemi upesi. Anatuacha pangoni pamoja nao, tusikilize.

Msomaji aliyezoea hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho atapata taabu hapa, nasi tulipata taabu hiyo mara ya kwanza. Hapana safari, hapana arusi, hapana mwizi wa kukamatwa. Yapo maneno tu, na maneno hayo huzunguka kama ng'ombe aliyefungwa mtini. Jambo hili lina asili yake. Baada ya vita vikuu vya pili, waandishi wengine wa Ulaya waliona kwamba dunia waliyoijua imevunjika, na kwamba visa vilivyonyooka havifai tena kuieleza. Samuel Beckett, mtu wa Ireland, mwaka 1953 alionyesha mjini Paris mchezo wa watu wawili wanaomngoja mtu asiyekuja. Said Ahmed Mohamed amepita njia hiyo hiyo, lakini ameileta pwani kwetu na kuivika Kiswahili, na swali lake ni letu: Mwafrika aliyepewa nchi yake, mbona angali akila makombo?

Basi tuje kwenye shaka ya wazee. Kwa nini mtu atunge mchezo wa watu waliojifungia mahali pamoja, ilhali dunia ni pana na ina mambo mengi ya kupendeza? Jibu letu la kwanza ni kwamba jukwaa lenyewe ni chumba kilichoondolewa ukuta mmoja. Waigizaji hawawezi kutoka mpaka mchezo umalizike, nasi watazamaji tumekaa mahali pa ule ukuta ulioondolewa. Mtungaji anayewafungia watu wake ndani anaitumia hali hiyo ambayo jukwaa limekwisha kumpa. Awaondolea njia, soko, shamba na majirani, mpaka hakuna la kutazama isipokuwa tabia za watu na maneno wanayoambiana. Ndivyo dhahabu inavyopimwa, kwa kutiwa motoni ndani ya chombo kidogo.

Wala jambo hili si geni kwa masikio yetu. Habari ya safina ya Nuhu ni habari ya watu na wanyama waliofungiwa mahali pamoja, maji yakiwa nje. Katika mji wa Chester, Uingereza, karne ya 16, wachota maji wa mto waliicheza habari hiyo barabarani mbele ya watu wote, na katika mchezo wao mke wa Nuhu alikataa kuingia safinani pasipo shoga zake. Watu wakacheka, na huku wakicheka wakafikiri: sisi tungeingia? Tungewaacha nani nje? Hata zamani, basi, mchezo wa watu waliofungiwa ulikuwa na swali moja kubwa, nalo ni habari ya mlango. Nani aliufunga? Waweza kufunguliwa? Na ukifunguliwa, walio ndani watatoka?

Ili tuupime mchezo wa Amezidi kwa haki, tumeuweka kati ya michezo mingine miwili ya namna hii, mmoja wa Ufaransa na mmoja wa Afrika Kusini.

Mwaka 1944, Paris ikiwa bado chini ya jeshi la Wajerumani, Jean-Paul Sartre alionyesha mchezo uitwao Huis clos, yaani mambo yafanywayo mlango umefungwa. Watu watatu waliokwisha kufa wanaletwa mmoja mmoja katika chumba cha jehanamu: Garcin, mwanamume aliyekimbia wakati wa vita, na wanawake wawili, Inès na Estelle, kila mmoja na kosa lake zito. Wamekuja wakitazamia moto na vyombo vya kutesea. Hawaoni hata kimoja. Waona viti vizuri vya kukalia, taa isiyozimwa, na kuta zisizo na dirisha wala kioo. Kwa kuwa hakuna kioo, kila mmoja hana budi kujitazama katika macho ya wenziwe, na mateso yao yanaanzia hapo, maana wenziwe hawamwoni jinsi anavyotaka kuonekana. Karibu na mwisho Garcin anaupiga mlango kwa ngumi akilia afunguliwe, na mara mlango unafunguka. Hatoki. Wala wale wengine hawatoki. Garcin anabaki chumbani kwa sababu anataka kwanza Inès amkiri kuwa si mwoga, na neno hilo Inès halitamki.

Mchezo wa pili ulionyeshwa Cape Town mwaka 1973, nao waitwa The Island, yaani Kisiwa. Walioutunga ni Athol Fugard pamoja na waigizaji wake wawili, John Kani na Winston Ntshona, na wafungwa wawili wa mchezo huo wanaitwa John na Winston vile vile. Wamo katika chumba kimoja cha gereza la kisiwani, ambalo kila mtazamaji alilitambua kuwa ni Robben Island. Mchezo unaanza pasipo maneno: kila mmoja anachimba mchanga, anaujaza katika toroli na kwenda kuumwaga pale anapochimba mwenziwe, kwa hiyo kazi haina mwisho wala faida. Usiku, wamechoka na wana majeraha, John anashika kikombe cha bati na kukifanya simu, akawapigia rafiki zake wa nyumbani kuwauliza habari, na Winston anasikiliza kwa shauku kana kwamba simu ni ya kweli. Tena wanajifunza mchezo wa kale wa Wayunani, habari ya Antigone, msichana aliyemzika ndugu yake kinyume cha amri ya mfalme, ili wauonyeshe mbele ya wafungwa na askari. Kisha John anapata habari kwamba kifungo chake kimepunguzwa, na imembakia miezi mitatu tu. Winston ni mfungwa wa maisha. Sasa katika chumba kile kimoja yumo mtu mwenye mlango na mtu asiye na mlango, nao hawana budi kulala pamoja na kuendelea na mazoezi. Hatujui katika michezo ya Afrika mahali panapouma kuliko hapo. Tena jambo hilo lina ukweli wake, kwa maana wafungwa wa Robben Island waliicheza habari ya Antigone kweli, na Nelson Mandela alishika nafasi ya mfalme Creon.

Twaona basi namna mbili za kufungwa. Katika mchezo wa Sartre mlango unafunguka, na watu wamekwisha kufungwa na nafsi zao. Katika Kisiwa mlango umefungwa kwa kufuli na bunduki, na watu walio ndani wanafanya kazi ya watu huru: wanajifunza, wanagombana na kupatana, wanakumbuka majina ya rafiki zao, na mwisho wanasema kweli mbele ya mwenye bunduki.

Ame na Zidi wako wapi kati ya hawa? Pango si gereza. Halina kufuli, wala askari hasimami pale. Kwa hiyo mtu angedhani kwamba wao ni ndugu za Garcin na wenziwe, waliofungwa na nafsi zao. Hivyo ndivyo vijana wetu walivyosoma jioni ya kwanza, wakacheka sana. Walicheka jinsi mtu aliyekula kutoka jaani anavyoweza kusema kama tajiri. Walicheka uvivu, walicheka majivuno. Twakiri kwamba mtungaji ana ufundi mkubwa wa kuchekesha, na Kiswahili chake ni cha mtu aliyekunywa lugha hii tangu utotoni, maneno yakigongana na kujibizana hata msomaji asiyeelewa maana yote huvutwa na mlio wake.

Jioni ya pili kicheko kilikatika. Kijana aliyekuwa akisoma maneno ya Zidi aliacha kusoma katikati, akafunika kitabu juu ya goti. Tulidhani macho yamemchoka kwa taa. Akasema, "Mwalimu, watu hawa nawajua. Ni wa kwetu nyumbani, tangu baba wa babu yangu." Wenziwe wakatulia wamsikilize, nasi tukatulia.

Yaliyofuata wengi wa wasomaji wetu wa kusini wanayajua, lakini tutayasema kwa ajili ya walio mbali. Mwaka 1947 Waingereza walileta katika nchi hii mpango mkubwa wa kulima karanga. Kwa ajili ya mpango huo ikajengwa bandari hapa Mtwara, na reli ya kwenda bara mpaka Nachingwea. Watu wakaambiwa kwamba sasa kusini kumefunguka. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Baba wa babu wa kijana yule alikuwa amefanya kazi katika njia ya reli, na mpaka anakufa alikuwa akiwaambia watoto wasiuze kiwanja chao, kwa kuwa reli itarudi. Mwaka 1982 gesi ikagunduliwa Mnazi Bay, upande wa Msimbati, karibu na pale mto Ruvuma unapoingia baharini. Watu wakangoja tena. Mwaka 2013 palitokea maandamano na ghasia Mtwara kwa habari ya bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam, hata roho za watu zikapotea, na mwaka 2015 bomba hilo likazinduliwa. Mwaka 2018 bei ya korosho haikupatana, jeshi likatumwa kuzisomba, na wakulima wengi wakangoja malipo yao kwa miezi mingi. "Basi nyumbani kwetu," kijana akasema, "kila mzee ana kitu anachokingoja, na kila mmoja akizungumza jioni ni tajiri."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema. Lakini hawakusema kwamba huweza pia kuwa nyumba, yenye kuta na paa, ambamo watu huzaliwa na kuzeeka. Maneno ya kijana yule yalitufundisha kuusoma mchezo upya. Pango la Ame na Zidi lilichimbwa na mikono mingi. Uvivu umo, majivuno yamo, na mtungaji hakosei kuyapiga kwa fimbo. Walakini yamo pia matumaini yaliyoletwa na wengine kisha yakaondolewa, mpaka mtu akajifunza kula ahadi kama anavyokula mabaki. Jaa ambalo Ame na Zidi wanalitegemea halikujijaza lenyewe. Yuko mahali fulani mtu aliyeshiba hata akatupa. Aliyelala pangoni amezidi, sawa. Je, yule aliyetupa chakula hata jaa likaweza kuwashibisha watu wawili, yeye hakuzidi?

Hapa jina la mchezo linatusaidia kuliko maelezo marefu. Kiswahili chetu kikisema "amezidi" hakimtaji mwanamume wala mwanamke, maskini wala tajiri, aliye ndani wala aliye nje. Herufi moja mwanzoni mwa neno yaweza kumwelekea mtu yeyote. Lugha nyingine zingemlazimisha mtungaji achague. Yeye hakuchagua, akaliacha neno wazi kama kinywa cha pango, na kila mtazamaji anaweza kujikuta ameingia ndani yake. Kwa maoni yetu huo ndio ustadi mkubwa wa kitabu hiki.

Lakini mhakiki asiyeona ila hata moja hasaidii msomaji wala mtungaji. Tunayo ila moja ya kuisema, nayo ni ya hatari iliyomo katika kuucheza zaidi kuliko katika kuusoma. Mchezo unatuonyesha pango, na kwa hali yake hauwezi kutuonyesha njia yote iliyowafikisha watu pale. Mtazamaji aliyeshiba aweza kucheka kwa muda wa saa nzima, akaenda nyumbani akisema, "Naam, maskini ni wavivu, nilijua tangu zamani," akalala vizuri. Waigizaji wakitafuta kicheko tu, wakiwavika Ame na Zidi nguo za yule mlevi wa kijijini anayejulikana na kila mtu, mchezo utageuka kuwa jiwe la kumtupia mnyonge. Katika Kisiwa hatari hiyo ni ndogo, kwa maana tangu dakika ya kwanza tunaona mchanga ule usio na mwisho na tunajua kwamba kuna aliyewaamuru. Katika Amezidi kazi hiyo wameachiwa waigizaji na watazamaji, waijaze kwa akili zao. Ni heshima kubwa, lakini si kila mtu aiwezaye.

Kuna jambo la pili tulilolifikiri, nalo ni la kwetu zaidi. Wazee wetu walijua tangu zamani kuwafungia watu mahali pamoja kwa makusudi. Wamakonde wana likumbi, kambi ya wari wa jandoni. Wavulana walitengwa na mama zao na na kijiji, wakakaa pamoja, wakala pamoja, wakaonwa na wachache tu. Askofu Vincent Lucas wa Masasi alipofika katika nchi hii mwanzoni mwa karne iliyopita, hakulivunja jando. Alilitengenezea namna ya Kikristo, kwa kuwa aliona kwamba ndani ya utengo ule mna mafundisho yanayomfanya mtoto awe mtu mzima. Na siku ya kutoka ilipofika, watu walikusanyika, ngoma zikapigwa, mapiko wakacheza na sura zao za mti, na mama aliyeagana na mtoto akapokea mwanamume.

Linganisha likumbi na pango. Kote kuwili watu wamefungiwa. Kote kuwili wanategemea chakula kinachotoka nje. Tofauti yao ni kwamba likumbini yuko mkubwa anayefundisha, na iko siku ya kutoka ambayo kila mtu aliye nje anaingoja na kuiandalia nguo mpya. Ame na Zidi hawana mwalimu, na hakuna aliyewashonea nguo ya siku ya kutoka. Wamekuwa wari pasipo jando. Tulipowaambia vijana neno hili walikaa kimya kidogo, kisha binti mmoja akauliza, "Mwalimu, na sisi tuliomaliza shule miaka miwili iliyopita na kukaa nyumbani, nani anatungoja nje?" Hatukuweza kumjibu usiku ule. Twakiri kwamba hata sasa hatuna jibu lote. Lakini swali lenyewe lilitoka katika kitabu hiki ambacho watu wamekiita upuuzi, na kitabu kinachoweza kumfanya binti wa miaka 19 aulize swali kama hilo mbele ya wakubwa, bila matusi na bila machozi, kimekwisha kufanya kazi ya kitabu.

Kwa hiyo tunawajibu wazee wetu hivi, kwa heshima yote. Mambo mema ya kuigiza hayakwisha duniani, nasi tunayapenda. Lakini mchezo wa kuonyesha mema tu ni kama mganga anayewatembelea wazima peke yao. Uchafu wa jaa uliomo katika Amezidi haukuwekwa ili upendeze. Umewekwa ili unuke, na pua ya mtazamaji imwambie jambo ambalo masikio yake yamekataa kulisikia. Vijana wetu hawatajifunza kula jaani kwa kuuigiza. Twaona badala yake kwamba watajifunza kuitambua harufu hiyo hata ikija imefunikwa kwa maneno mazuri.

Tena tunawapa vijana mashauri machache, kwa kuwa mchezo huu ni mgumu. Wasimwige mtu yeyote wa mtaani, kwa sauti, kwa mwendo wala kwa nguo. Wasiharakishe maneno, penye kimya waache kimya kikae, hata kama watoto walio mbele wataanza kucheka. Wasiongeze hotuba mwishoni ya kueleza mafunzo, kwa maana watu waliokaa na Ame na Zidi muda wote ule wanaweza kufikiri wenyewe, na kuwafikiria vingine ni kuwavunjia heshima. Mwisho wa mchezo wenyewe hatuutaji hapa, ili msomaji asinyimwe haki yake ya kuufikia. Na wakipata nafasi, wasome pia habari za wale wafungwa wawili wa kisiwani, wajue kwamba mtu aweza kufungiwa pasipo kosa lake na bado asigeuke kuwa mtu wa pangoni. Michezo hii miwili ikae pamoja akilini, maana mmoja wataka mwenziwe kama vile jino la juu lataka la chini.

Tulipokuwa tukimaliza kuandika haya, mmoja wa wale wazee wawili alipita njiani akitoka pwani, akatusalimu, akauliza kama jibu lao limekwisha kuandikwa. Tukamsomea mengi katika yaliyo hapo juu. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya fimbo. Habari ya reli ilipofika alitikisa kichwa, kwa kuwa yeye aliiona kwa macho yake. Hakusema kama amekubali au amekataa. Aliuliza neno moja tu: "Na mlango wa pango mtauelekeza wapi?"

Tukamwambia kwamba tumefikiri kuuelekeza kwa watazamaji, hata waigizaji wakitazama nje watuone sisi, nasi tukitazama ndani tuwaone wao.

Akakaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba minazi yake imepunguzwa juzi, na makuti ya kujengea pango tusiyanunue. Atamtuma mjukuu wake ayalete Jumamosi.